Sentensi ya Mwisho ya Odeta

Asubuhi ile ya Alhamisi Odeta alikuwa chini ya kibanda cha tumbaku, miguu ameikunja, anachambua majani. Ya njano huku, ya kahawia kule, yaliyotoboka anayatupa nyuma. Vidole vilikuwa vimegandwa na ule utomvu mweusi ambao hauogopi hata sabuni ya mche. Kila akimaliza fungu moja alikuwa anainua kona ya gunia alilokalia, anachungulia daftari, anasoma mstari mmoja, anafunika.

Mstari ulikuwa uleule, wiki ya tatu sasa. *Mlango wa behewa unafunguka na*

Basi. Uliishia hapo.

"Unasali?" aliuliza mama yake, Gaudiose, aliyekuwa anafunga majani upande wa pili.

"Hapana, mama."

"Mbona midomo inacheza?"

"Nahesabu majani."

"Tumbaku haihesabiwi, inapimwa." Gaudiose alikata kamba kwa meno. "Leo gulio. Yule kijana wa tivii anakuja."

Odeta alichukua jani jingine, akalitupa kwenye fungu lisilo lake.

"Mimi sijasema kitu," mama aliendelea. "Nasema tu leo ni Alhamisi. Na Jumapili baada ya misa watu wa Polycarpe wanaleta pombe. Baba yako kakubali jana. Kanituma nikwambie kwa sababu yeye anaona aibu."

"Aibu ya nini kama ni jambo zuri?"

"Sikusema ni zuri. Nimesema kakubali." Gaudiose aliweka fungu chini, akamwangalia mtoto wake kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Watakuuliza mbele ya watu kama mtungi ufunguliwe. Ukisema ufunguliwe, umeolewa, mwana wanje, mwanangu. Ukisema usifunguliwe, uwe na kitu mkononi cha kumwonyesha baba yako. Usiwe na mdomo mtupu."

Polycarpe alikuwa na mabani mawili ya kukaushia tumbaku na baiskeli mpya. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi. Hana ubaya wowote, na kwa Odeta hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana ungemkataa kwa lipi?

Odeta alikuwa na miaka ishirini. Kidato cha nne alimaliza, akarudi Katumba, akakaa kwenye majani. Alikuwa na haya ya kuzaliwa nayo. Ukimsalimia njiani anajibu akishakupita. Na mtu mwenye haya namna hiyo ndiye aliyekwenda kumpenda mtu anayeishi kwa kuongea.

Tamimu alikuwa anatoka Mpanda mjini kila Alhamisi na pikapu ya mjomba wake Haidari, msafirishaji wa Tabora, nyuma kapakia jenereta, tivii na deki ya video. Anafunga maturubai, anatoza kiingilio, anasimama pembeni ya tivii na maiki mkononi. Zile filamu zilikuwa zinasema Kichina, Kihindi, lugha ambazo pale hakuna anayezijua, kwa hiyo Tamimu alikuwa anawasemea wote. Jambazi ni yeye. Askari ni yeye. Bibi kizee anayelia mwanae ni yeye, na watu wanalia kweli. Wengine walikuja kuangalia. Odeta alikaa nyuma kabisa, kafumba macho, anasikiliza.

Siku moja ya Januari jenereta liliishiwa petroli, filamu ikakatika kabla ya mwisho. Watu walizomea wakaondoka. Odeta alibaki, sijui alipata wapi ujasiri, akasema huku anaangalia miguu yake, "Nadhani yule mama alijua tangu mwanzo kwamba mtoto si wake. Ndiyo maana hakumwosha."

Tamimu alisimama na waya mkononi. "Rudia."

Akarudia.

"Dada, wewe unaitwa nani?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tamimu alikuwa anamjua mtu Dar es Salaam mwenye kamera, anatafuta hadithi ya kutengeneza video ya Kiswahili. Skripti, aliita. Alhamisi iliyofuata akaja na daftari. "Andika. Kila siku kidogo. Na weka tarehe, ili nisidanganywe. Halafu nikupe siri moja: ukichoka usimalize sentensi. Iache katikati. Asubuhi yenyewe itakuita."

Na kweli ilikuwa inamwita. Siku mgongo unauma kwa jembe, siku baba kafoka, siku anajiona mjinga, nani asome ya mtoto wa Katumba, sentensi iliyokatwa ilikuwa inamkaba kama mfupa wa samaki mpaka aimalize. Madaftari yakawa manne. Hadithi ilikuwa ya Providence, mwanamke anayekwenda stesheni kila siku ya treni kumngoja mume wake Rénovat. Kilibaki kipande kimoja tu: treni inafika, anashuka au hashuki?

Hapo ndipo Odeta alipokwama. Na hakukwama kwa kukosa maneno.

*

Saa tisa alasiri, nyuma ya maturubai, jenereta linanguruma. Tamimu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Alipomwona Odeta akaacha kufuta. Alikuwa na macho yale ya kukuangalia kama vile sentensi yako haijaisha.

"Jino limepona?" aliuliza.

"Limepona."

"Wiki iliyopita lilikuwa jino. Kabla ya hapo malaria. Leo nini?"

"Leo nimekuja nalo daftari." Alimpa daftari la nne kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mzima.

Tamimu alikaa juu ya debe la petroli akaanza kusoma. Odeta alibaki amesimama, anahesabu kurasa zinavyogeuka. Kuna mahali alitabasamu. Kuna mahali alisimamisha kidole.

"Odeta. Hawa watu hawasemi."

"Wanasema. Si hapo, 'Bibi anamwambia...'"

"Anayesema ni mmoja. Toka daftari la kwanza. 'Sasa Rénovat anamwambia hivi, sasa bibi anamjibu hivi, oneni anavyolia.' Nilikuwa nadhani unafupisha tu, utakuja kuyagawa. Huyu anayesema yote ni nani?"

Odeta alishangaa. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Si ndiyo filamu? Wao wanacheza, wewe unasema."

Tamimu alishusha daftari magotini. Odeta hakuwa amewahi kuona filamu isiyosemwa na Tamimu. Kwake yeye, watu wote wa duniani waliokuwa kwenye kile kioo walikuwa na sauti moja.

"Kwenye filamu kila mtu anasema mwenyewe," alisema Tamimu polepole. "Mimi nipo kwa sababu ya lugha tu. Ikiwa ya Kiswahili, mimi sihitajiki."

"Kwa hiyo nimeharibu."

"Hujaharibu. Nitayagawa mimi, kila mtu chake. Kazi ya siku mbili." Kisha akasema chini zaidi, "Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kitu, Odeta. Mimi nasema ya watu."

Uso wake ulikuwa karibu. Harufu ya petroli na ya sabuni. Kama hadithi ingekoma hapo ingekuwa tamu. Lakini Tamimu aligeuza ukurasa wa mwisho.

*Mlango wa behewa unafunguka na*

Na pembeni tarehe. Ishirini na moja, mwezi wa tano.

Alihesabu kwa vidole. "Leo ni tarehe kumi na moja, mwezi wa sita. Wiki tatu."

"Tamimu..."

"Hakukuwa na jino."

"Hakukuwa."

"Na malaria?"

Alitikisa kichwa.

Tamimu alisimama, debe likaanguka. "Yule mtu wa Dar nimemwambia 'wiki ijayo' mara mbili. Mara ya pili alinicheka kwenye simu, mjomba Haidari amekaa pale anasikia. Akaniambia, eti wewe mwandishi wako ni jini? Mimi nikawa natetea. Nasema msichana anaumwa. Nakununulia dawa ya jino, Odeta. Umeipeleka wapi?"

"Ninayo. Sijaifungua."

"Kwa nini?"

Odeta alivuta kona ya kitenge chake, akaizungusha kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheupe. "Ukishapata mwisho hutakuja tena. Utapanda treni. Kila Alhamisi nilikuwa nasema, leo namaliza. Halafu nakuona."

"Ningekuja."

"Ungekuja kufanya nini Katumba, wewe?"

"Ningekuja kwako."

"Au kwa daftari?" Lilimtoka kabla hajalipima. "Sema kweli. Ningekuwa sijui kuandika ungenijua jina?"

Kuna maneno ambayo mtu mwenye haya huyatunza muda mrefu mpaka yanapata makali, halafu siku anayatoa yanakata kuliko ya mtu mwenye mdomo. Tamimu alirudi nyuma hatua moja. Usoni kulikuwa kumefungwa.

"Nilikuja kwenu kuposa mwezi wa tatu," alisema. "Umesahau? Mimi, mtoto wa Kiislamu, nimekaa kwenye kigoda mbele ya wazee sita. Baba yako ananipa mrija wa pombe ya mtungi, nikasema asante mzee, mimi sinywi. Wote wakasimama. Nilitembea mpaka barabarani watu wananiangalia mgongo. Hiyo ilikuwa ni kwa ajili ya daftari?"

"Samahani."

"Usiku ule nilijiuliza, si ningeushika tu? Ningejifanya navuta."

"Ungejifanya ningekuchukia."

"Na wewe uliyejifanya wiki tatu nikufanyeje?"

Jenereta lilikohoa, likaendelea.

"Jumapili wanaleta pombe," alisema Odeta. "Watu wa Polycarpe."

Tamimu alifumba macho kidogo. Alipofumbua, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga mizigo. "Kesho napanda treni. Sina namna, yule mtu anaondoka Dar wiki ijayo. Twende wote."

"Sisi wakimbizi, kutoka hapa kwenda hata Mpanda tunataka kibali. Kibali kinataka sababu."

"Waambie sababu ni mimi."

"Hiyo haipo kwenye fomu yao."

Wote wawili karibu wacheke, hawakucheka.

"Sikiliza basi. Jumamosi asubuhi nitakuwa Tabora kwa mjomba. Ana redio koli, si anabeba mizigo ya parokia yenu? Saa nne kila siku wanaongea na parokia. Malizia. Uje uniambie umemaliza, unisomee huo mwisho nami niuandike. Nikiusikia, madaftari nayapa watu waende nayo Dar, mimi nageuka na gari la mzigo la usiku, Jumapili mchana niko mbele ya baba yako. Nitaongea naye mpaka anifukuze na jembe."

"Na nisipokuja?"

"Nitajua unataka nikae kwenye 'na' yako maisha yangu yote."

Kivuli kiliwaangukia. Mzee Yohani, baba yake Odeta, alikuwa amesimama kwenye kona ya turubai, kofia mkononi. Hajulikani alisikia kiasi gani.

"Nenda nyumbani, mwanangu."

"Data, baba yangu..."

"Nenda. Simpigi mtu."

Odeta alikwenda hatua tano akasimama. Yohani hakumgeukia. Aliongea na kijana, taratibu, kama anayeuliza njia.

"Mimi sikuchukii. Unatuletea tivii, watu wanacheka, vizuri. Lakini mkwe ni mtu wa kukaa naye kwenye mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, mkanyamaza pamoja. Sisi tulipokimbilia huku hatukubeba makaburi ya baba zetu. Tulibeba hilo. Wewe nitanyamaza na wewe juu ya nini?"

"Juu ya chai, mzee."

Yohani alimwangalia, na kwa sekunde moja ilikuwa kama atatabasamu. "Chai inapoa," alisema, akavaa kofia yake.

Tamimu alichukua madaftari matatu ya mwanzo kutoka kwenye pikapu, akayafunga kwa mpira. La nne alilitoa kurasa zilizokamilika, akalibakizia ule wa mwisho, akaliweka juu ya debe, akaondoka bila kuangalia nyuma. Jioni hiyo watu walisema filamu haikunoga. Eti Tamimu alikuwa anasoma tu kama anayetangaza vifo.

*

Ijumaa Odeta hakuandika neno. Alikaa mbele ya bani akichochea moto, daftari kwenye mapaja. Akiandika *anashuka*, anaona uongo. Akiandika *hashuki*, mkono unakataa. Saa ya treni ilipofika alisimama, kama vile kutoka pale angeisikia. Alisikia mbuzi tu, na kina mama upande wa pili wakitwanga mtama wa pombe ya Polycarpe.

Mama yake alipita na ndoo. Akatua, akakaa.

"Umefikia wapi?"

"Mama, unajua?"

"Gunia linalosomwa namna ile nilijua si gunia." Gaudiose alinawa uso na maji ya ndoo. "Mimi nilipoulizwa kama mtungi ufunguliwe nilinyamaza. Wakasema kunyamaza ni kukubali. Sijutii, baba yako mtu mwema. Ila nilikuwa na neno, na mpaka leo sijui lilikuwa neno gani. Lilikaa mpaka likaoza."

Akabeba ndoo akaenda.

Jumamosi kumepambazuka, mikono bado ina utomvu, Odeta alifungua ukurasa ule. Safari hii hakujiuliza nani anashuka. Alijiuliza Providence anafanya nini. Kalamu ikatembea. Mistari minane. Chini yake akaandika *Mwisho*, akaweka tarehe, akashangaa jinsi neno lenyewe lilivyo fupi. Hakulia. Alijisikia kama nyumba iliyotolewa vyombo.

Alikimbia mpaka parokia. Katekista Salvatori, mzee anayetunza redio koli, alikuwa anafuta maiki kwa pindo la shati.

"Una nini, binti?"

"Ujumbe wa Tabora. Kwa mzee Haidari. Kuna mtu pale."

"Mtu wa mzigo?"

Odeta aliinamisha kichwa.

Salvatori alivuta pumzi. "Redio hii haina chumbani. Wanasikia Urambo, wanasikia Karema, masista wanasikia wakiwa wanakata vitunguu. Ukisema, umesema."

"Ndiyo, katekista."

"Na baba yako?"

"Kesho ataniuliza. Nataka niwe na la kujibu."

Mzee aliangalia saa ya ukutani. Saa nne kamili. Akabana kidude cha maiki. "Tabora, Tabora, hapa Katumba. Ova."

Mikwaruzo. Halafu sauti ya mwanamume, mbali, kama iko ndani ya pipa. "Katumba nakupata. Ova."

"Kuna binti anamtafuta Tamimu. Alifika na treni? Ova."

Mikwaruzo tena, mirefu. Odeta alishika ukingo wa meza.

"Amefika. Yupo hapa amekaa. Anasikia, aongee tu. Ova."

Salvatori alimpa maiki. "Bana hapa unapoongea. Ukimaliza achia, ndipo atakujibu."

Alibana. Alifikiria masista na vitunguu vyao, madereva, watu wa Urambo asiowajua, wote wamenyamaza wanamngoja. Akafungua daftari akasoma, kwa sauti ndogo kwanza.

"Mlango wa behewa unafunguka na Providence hangoji kuona nani anashuka. Miaka yote amengoja kimya. Leo anasimama katikati ya stesheni, watu wanampita na mizigo, na yeye ambaye hajawahi kumwita mtu mbele za watu, anaita."

Kwenye daftari jina lililofuata lilikuwa Rénovat. Aliliona vizuri. Alivuta pumzi.

"Anaita, Tamimu."

Salvatori aligeuka kuangalia dirishani.

"Anaita mara ya pili. Tamimu. Hajui kama ameshuka. Anajua ameita. Mwisho." Sauti ilianza kukatika, akaishika. "Hayo ndiyo yote. Nimemaliza. Nilichokisema juzi cha daftari si kweli, nilikuwa naogopa. Kesho baada ya misa wataniuliza. Ukisema unakuja, nitawaambia usifunguliwe. Sema neno moja tu."

Kidole kilikuwa bado kimebana.

"Achia," Salvatori alisema kwa upole. "Ukikibana hawezi kujibu."

Alijua. Alijua kwamba akiwa amebana hakuna kimya, kuna kungoja tu, na kungoja alikuwa anakuweza. Alitamani kubaki hapo, kwenye katikati ile, mpaka mvua za mwaka mwingine.

Aliachia.

Mikwaruzo.

Walisikiliza. Mara moja ilikuwa kama mtu amesogeza kiti huko Tabora, na mtu mwingine, mzee, amesema kitu kifupi mbali na maiki. Halafu mikwaruzo peke yake. Hayo ndiyo majibu ya yule aliyewasemea majambazi na maaskari na mabibi wa nchi zote.

"Tabora," alisema Salvatori, amechukua maiki. "Ujumbe umefika? Ova."

Mikwaruzo.

"Tabora. Binti anangoja. Ova."

Nje, upande wa nyumba za kina Polycarpe, kutwanga kulikuwa kumekoma; sasa bila shaka walikuwa wanamimina kwenye mitungi. Mshale mrefu wa saa ulifika kwenye tatu.

"Zamu ya Karema sasa," mzee alisema. "Lazima niwaachie."

"Naomba mara moja tu, katekista."

Alimrudishia maiki. Odeta alibana, akasogeza mdomo karibu mpaka chuma kikagusa midomo.

"Tamimu, ni mimi. Ova."

Safari hii aliachia mwenyewe, bila kuambiwa, akaiweka maiki mezani, akaikalia mikono yake miwili, anasikiliza.